Chai ya Dereva

Siku ya kwanza kazini Madam alinionyesha gari kama mtu anayekuonyesha sebule ambayo hutaketi. Alifungua mlango wa dereva akaniambia niingie. Kiti kikajisogeza chenyewe, skrini ikawaka, nami nikanyoosha mkono wa kushoto kutafuta gia jinsi mkono ulivyozoea. Nikashika hewa.

"Gia iko hapo kwa usukani," akasema. "Na tafadhali, usiweke kitu hapo katikati. Sipendi vitu kwa gari."

Hapo katikati, kati ya kiti changu na cha abiria, kulikuwa na ubao mpana mweusi unaong'aa kama uso wa simu mpya. Ukiugusa unaacha alama ya kidole, na alama hiyo utaifuta mwenyewe kabla ya Madam kurudi. Ubao una kifuniko kinachoteleza, na chini yake kuna matundu mawili ya vikombe. Nyuma yake kuna sanduku lenye kifuniko cha ngozi, ambamo Madam huweka miwani na marashi. Droo ya dashibodi haina kitasa. Inafunguliwa kwa skrini, na skrini inataka namba ya siri ambayo mpaka leo sijapewa.

Jina la kampuni iliyolitengeneza sitalitaja. Magari ya umeme ya aina hiyo hapa Nairobi yanahesabika kwa vidole, na nikilitaja utajua ni la nani, na mimi bado nahitaji mshahara wa mwisho wa mwezi.

Shida yangu ilikuwa thamosi. Ni thamosi nyekundu ya lita moja, imebonyea upande mmoja, kifuniko chake ndicho kikombe. Ilikuwa ya Baba. Madam alipoingia ofisini nilifungua kile kifuniko kinachoteleza nikajaribu kuitia kwenye tundu. Haikuingia hata nusu. Tundu lile limepimwa kwa kikombe cha karatasi, kile cha kahawa ya mkahawani chenye jina lako limeandikwa vibaya. Mifuko ya milango nayo ni myembamba, unaweza kutia gazeti, na sijui ni nani bado ananunua gazeti. Nikaishia kuilaza thamosi chini, kati ya kiti na mlango.

Ajabu ni kwamba gari la umeme ndilo lenye nafasi nyingi kuliko lile la petroli. Fundi yeyote wa Grogan atakuonyesha: gari la kawaida la kusukumwa na magurudumu ya nyuma lina injini mbele, giaboksi nyuma ya injini, halafu propela inapita chini ya sakafu kwenda nyuma, na bomba la ekzosi linaifuata. Ndiyo maana pale katikati huwa na ule mgongo, na mtu akikaa katikati kiti cha nyuma anakunja magoti kama kuku. Gari la umeme halina hayo yote. Betri imelazwa chini ya sakafu kama godoro, mota ni ndogo, sakafu ni tambarare. Mchoraji anapewa nafasi tupu kati ya viti viwili na kuulizwa: utaifanyia nini?

Tesla walipoanza kuwakabidhi wateja Model S, Juni 2012, jibu lao lilikuwa: hakuna. Waliiacha wazi. Kati ya viti vya mbele ilikuwa sakafu tu, imezungushiwa ukingo mdogo. Milango haikuwa na mifuko. Matundu ya vikombe yalikuwa mawili, chini ya kiegemeo cha mkono, na waliokaa nyuma hawakuwa na hata moja. Hili ni gari lililouzwa zaidi ya dola 50,000. Watu walilipenda, lilikwenda kasi, lilikuwa kimya, lakini miwani ilikuwa ikiteleza sakafuni kila kona. Wenye magari wakaanza kununua visanduku vya katikati kwa watengenezaji wa pembeni, na baadaye kampuni yenyewe ikaja kuwauzia konsoli kama kifaa cha kuongeza.

Nimemfikiria sana huyo mtu aliyechorewa ile sakafu tupu. Hana chenji. Hana risiti, hana chupa ya mtoto, hana mfuko wa maharagwe aliyotumwa sokoni. Ama anavyo, lakini kuna mtu mwingine anambebea.

Tusiwacheke sana, maana kikombe kilichukua muda mrefu kupata nyumba ndani ya gari. Zamani Marekani kifuniko cha droo ya dashibodi kilikuwa na vishimo vifupi, unakifungua mkiwa mmesimama, mnaweka soda, mnakula. Kutembea nacho ilikuwa shauri lako. Chrysler walipotoa zile minivan zao mwishoni mwa 1983 ndipo matundu ya vikombe yakaanza kuonekana kama kitu cha kawaida katika gari la familia. Lakini magari mengi yaliendelea bila. Tarehe 27 Februari 1992, huko Albuquerque, bibi wa miaka 79 aitwaye Stella Liebeck alikuwa amekaa kiti cha abiria katika Ford Probe ya 1989 ya mjukuu wake. Walikuwa wamenunua kahawa McDonald's, mjukuu akasimamisha gari ili bibi atie sukari. Probe haikuwa na mahali pa kikombe. Akakibana kati ya magoti, akavuta kifuniko. Alilazwa siku nane, akapandikizwa ngozi. Kesi yake ilipoamuliwa 1994 dunia ilimcheka, ati ameshtaki kahawa kwa kuwa moto. Mimi nikiisoma hadithi hiyo sioni kahawa, naona yale magoti. Leo kuna Subaru inaitwa Ascent, ina matundu 19 ya vikombe na viti vinane. Mtu alihesabu.

Sasa nikwambie gari ninalolijua mimi.

Baba alikuwa na Probox. Najua unatabasamu. Probox ni gari la miraa, la mayai, la watu tisa kwenda Narok. Lakini umewahi kukaa pale mbele ukaangalia? Toyota walilitengeneza kwa ajili ya watu wa mauzo na wasambazaji wa Japani, watu wanaoshinda barabarani, na walipolibadilisha mwaka wa 2014 walifikiria siku nzima ya mtu huyo. Katikati ya dashibodi kuna kimeza unachovuta, unaweza kuweka laptopu au sahani ya chakula. Kuna mahali pa kusimamisha simu. Na tundu la kinywaji limepimwa liingize pakiti ya mraba ya maziwa ya lita moja. Pakiti nzima! Kuna injinia mahali fulani aliyejua kwamba mtu anayefanya kazi hanywi kikombe, anakunywa lita.

Thamosi ya Baba ilikaa pale kama imezaliwa pale.

Alilinunua 2021, likiwa limetoka Mombasa na harufu ya meli, akawa anabeba mboga kutoka Limuru asubuhi na abiria jioni. Nikiwa likizo nilikuwa utingo wake. Saa nne tungesimama mahali pa barabara pana, anavuta kimeza, anaweka mandazi juu ya karatasi, ananimiminia kwanza. "Kunywa, Mama." Baba huniita Mama kwa sababu nina jina la mamake. Kila kitu chake kilikuwa na mahali: sarafu kwenye kisahani, kalamu nyuma ya kioo cha jua, leso, fyuzi za akiba, risiti za karo yangu zimefungwa kwa raba. Ulikuwa ukimwuliza kitu chochote, anatoa mkono bila kutazama.

Baba alipatwa na kiharusi mwezi wa nane, kwa bahati nzuri akiwa nyumbani na si kwa usukani. Upande wa kulia ukalala. Bili ya hospitali ilipofika mahali ambapo harambee haifiki, tukauza Probox. Mnunuzi alikuwa anakuja saa nane, mimi nikatumwa kulisafisha.

Nilitoa sarafu. Nilitoa fyuzi. Niliponyanyua vitu vyote kwenye trei ya katikati, chini ya risiti za karo, chini ya kitabu cha gari, nikakuta kadi ya kliniki iliyokunjwa mara mbili na pakiti ya vidonge vya presha. Kadi ilikuwa na tarehe za mwaka mmoja na zaidi, kila mwezi vipimo vimeandikwa kwa kalamu ya buluu. Halafu tarehe zinaacha. Pakiti ilikuwa na vidonge 19 havijaguswa. Mathe hakujua. Hakuna aliyejua. Risiti za karo zilikuwa hapo hapo mkononi mwangu. Sikutaka kulinganisha tarehe. Nikalinganisha.

Nilikuwa nimekula mandazi juu ya kimeza kile miezi yote hiyo, na kadi iko chini yake, umbali wa kiganja.

Kwa hivyo watu wanaposema gari lenye mahali pengi pa kuwekea vitu ndilo gari linalomjali mtu, mimi huwa nanyamaza kidogo. Probox ilimjali Baba. Ilimpa meza, ilimpa pa chai, ikampa pia pa kuficha. Gari la Madam lisingemficha. Vidonge vingeng'aa pale juu ya ubao mweusi, na mtu angeuliza.

Ile thamosi yangu ilimwagika Alhamisi moja, Waiyaki Way, karibu na Uthiru. Matatu ilinikata, nikakanyaga breki. Thamosi iliviringika kutoka kando ya kiti hadi miguuni, nikaipiga teke kwa kisigino isiingie chini ya breki, na kifuniko kikafunguka. Gari la umeme halina mlio wa injini, kwa hivyo ulisikia chai ikitoka, glug glug glug, kama mtu anayekunywa.

"Ni nini hiyo?" Madam akauliza kutoka nyuma.

"Chai, Madam."

"Chai ya nani?"

Swali hilo Nairobi likiulizwa barabarani huwa ni la polisi, na huwa haliihusu chai. Nikakaribia kucheka, nikajizuia. "Ni yangu, Madam. Pole sana."

"Si nilikuambia kuhusu vitu kwa gari?"

"Ulinieleza. Lakini huwa nakungoja kutoka asubuhi."

"Kuna mkahawa pale chini ya ofisi."

Chai ya pale ni shilingi 350. Maziwa, majani na sukari ya thamosi nzima havifiki mia. Sikumwambia. Nilimwona kwenye kioo, ameshika kikombe chake cha karatasi kwa mikono miwili, ingawa kuna matundu mawili kwenye kiegemeo cha nyuma. Hayatumii. Nadhani hata yeye anaogopa kulichafua.

Kuosha zulia kulikuwa shilingi 4,500, na zilitoka kwenye mshahara wangu. Nisimfanye Madam kuwa shetani: alinipa kazi bila kuuliza mbona msichana anataka kuwa dereva, na Baba alipolazwa mara ya pili aliniruhusu siku tatu na hakuzikata. Siku ya mshahara alinipa bahasha akasema, "Hiyo thamosi yako, itafutie mahali ambapo siioni."

Nilikaa na hilo neno wiki nzima. Kisha nikakumbuka boneti.

Ukifungua boneti ya gari hili hukuti injini. Unakuta sanduku, safi, lina zulia na taa yake ndogo, nadhani lilikusudiwa waya ya kuchaji na begi la kwenda Naivasha. Madam hajawahi kulifungua. Nilikunja sweta nikaisimamisha thamosi kwenye kona, ikasimama. Nimeongeza kikombe cha pili, mfuko wa mandazi na kitabu. Ndiyo dashibodi yangu, iko nje ya gari.

Baba sasa anaongea, polepole, maneno yanatoka moja moja. Vidonge vyake viko juu ya meza ya televisheni, mbele ya kila mtu, na mathe anavihesabu kwa sauti kila jioni. Juzi alinipigia simu.

"Mama. Hiyo gari ya stima. Iko na mahali pa chai?"

"Iko, Baba."

"Inaingia? Ile nyekundu?"

"Inaingia vizuri."

Akanyamaza, nikasikia anapumua. "Wazungu wameanza kuelewa," akasema.

Kila saa nne basi, kwenye parking ya chini huko Upper Hill, mimi hutoka, nafungua boneti, nasimama pale mbele nikijimiminia. Wiki ya kwanza soja alikuja mbio.

"Imeharibika? Nikuitie fundi?"

"Hapana. Nakunywa chai."

Alichungulia ndani ya boneti, akatafuta injini kwa macho, akaiona thamosi. Akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Kwani hii inatumia chai?"

Nikampa kile kikombe cha pili.