Maziwa ya tangawizi, na neno ninalolifuta



Wengi wenu mlikwisha kunywa maziwa yangu ya tangawizi. Siku ile ya mkutano nilileta termosi mbili, tukagawana vikombe, na mkaniomba niandike namna ninavyoyatengeneza. Leo naandika. Lakini siku ile ile nilisema mbele yenu neno moja ambalo si kweli, na hilo pia lazima niliandike.

Nianze na mwanzo wake. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Watoto ni 57 katika chumba kimoja, na madirisha yanatazama barabara ya vumbi. Ikifika saa sita sauti yangu imekwisha. Jioni moja mama mkwe alinikuta ninaongea na watoto kwa mikono. Akacheka, akasema, "Mwanangu, ukiendelea hivi utafundisha mabubu." Akaweka sufuria kwenye babula, akaponda tangawizi, akanipikia maziwa. Nililala vizuri, na asubuhi koo halikuniuma sana.

Tangu hapo yakawa mazoea ya nyumba. Mnajua baridi ya Bukavu usiku, hasa mvua ikinyesha na upepo unatoka ziwani. Umeme ukikatika, tunakaa karibu na makala, wakubwa wanasoma masomo yao kwa taa ya simu, na kila mtu ana kikombe chake. Mimi niliongeza kurkuma na mdalasini, kwa sababu nilipenda harufu. Saa hiyo ndiyo watoto wananiambia mambo ambayo mchana hawasemi.

Sasa, neno lenyewe. Niliwaambia, "Haya maziwa yanaponya kikohozi." Nilisema kwa sababu niliona watoto wangu wakikohoa, wakanywa, na baada ya siku chache wakapona. Sikufikiri kwamba kikohozi cha mafua huisha chenyewe, hata bila maziwa.

Mwezi wa tatu, mtoto wangu wa mwisho, mwenye miaka miwili, alianza kukohoa. Nikampa maziwa. Siku ya pili akapata homa, nikampa tena, nikaongeza asali. Siku ya tatu usiku alikataa kula. Mama mkwe alifungua shati lake, akasogeza taa, akaniita. "Mama Mwalimu, tazama mbavu." Kila mtoto alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilikuwa inaingia ndani. Nikashika simu, nikahesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Zilikuwa 54.

Kulipopambazuka tulikuwa kwenye mlango wa kituo cha afya. Muuguzi alihesabu naye, akasema ni nimonia, akampa amoksisilini. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikajibu, siku tatu. "Umempa nini?" Nikajibu, maziwa. Hakunikaripia. Aliandika tu kwenye karatasi, na kule kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Ningeweza kuwaambia kwamba nilichelewa kwa kukosa pesa. Ni kweli mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Lakini pesa za kituo tulizipata asubuhi ile ile kwa jirani, na tungezipata siku mbili mbele. Nilichelewa kwa sababu niliamini sufuria yangu. Mtoto amepona, Mungu asifiwe. Lakini baadaye mama wawili wa kikundi chetu waliniambia kwamba nao wanawapa watoto wenye kikohozi maziwa "kama Mama Mwalimu alivyosema". Sikulala usiku huo. Mwalimu akikosea ubaoni, anafuta mbele ya darasa lote, si pembeni na mtoto mmoja.

Basi nafuta. Maziwa ya tangawizi hayaponyi nimonia, wala malaria. Yanatia joto, yanalainisha koo, yanamtuliza mtu aliyechoka. Hiyo ndiyo kazi yake, na inatosha.

Namna ya kuyapika, kwa vikombe vinne:

Chukua tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, ioshe, iponde. Iweke kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji na kipande kidogo cha mdalasini, ichemke dakika 10. Usiruke hatua hii. Tangawizi mbichi ina kitu kinachogandisha maziwa, na moto ndio unaokiua. Mimi nilimwaga maziwa mara mbili kabla ya kuelewa.

Kisha tia vikombe vitatu vya maziwa, nusu kijiko kidogo cha kurkuma, na pilipili manga kidogo sana, ile inayoshikwa kwa vidole viwili. Pilipili manga inasaidia mwili kupokea kurkuma. Maziwa yakipanda, punguza makala, koroga dakika tano, chuja. Sukari au asali weka mwishoni, kwenye kikombe. Angalia nguo pia: kurkuma ikimwagika kwenye kitambaa cheupe haitoki upesi.

Maziwa ya ng'ombe yanayouzwa kwa bidoni lazima yachemke vizuri, hata muuzaji akiapa kwamba ng'ombe wake ni mzima. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela. Ukitumia maziwa ya unga, pima kama pakiti inavyoonyesha. Mwenye tumbo linalosumbuka kwa maziwa haya anaweza kuchemsha tangawizi na maji tu, na maziwa anywe mashanza, ambayo wengi wanayavumilia zaidi.

Na haya yakateni, myabandike ukutani:

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye ziwa la mama peke yake. Asipewe kinywaji hiki, hata kijiko.

Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Inaweza kumletea sumu inayolegeza mwili.

Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda amuulize muuguzi kabla ya kuzoea kurkuma na tangawizi kila siku.

Mtoto akikohoa, fungua shati na uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia, si wakati analia. Mwenye miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mwenye mwaka mmoja mpaka miaka mitano, 40 au zaidi ni nyingi mno. Ukiona hivyo, au ngozi ya chini ya kifua ikiingia ndani, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au asiyeamka vizuri, usingoje asubuhi. Mtoto mchanga chini ya miezi 2 mwenye homa au anayepumua kwa shida, naye usingoje.

Hesabu hiyo haihitaji diploma. Anayejua kuhesabu mpaka 60 na ana simu yenye saa anaweza. Asiyejua, amwite binti yake wa darasa la tatu.

Siku ya mkutano nitaleta tena termosi zangu mbili. Tutakunywa, na kabla ya kunywa tutajifunza pamoja kuhesabu pumzi, kila mama na mtoto wake mapajani. Wale mama wawili wameahidi kuja. Nitaanza nao.