Mbwa wa Kukhu Amepanda Ndege, na Mimi Nina Msamaha wa Kuomba

Wadau, leo nakuja na mambo ya mbwa. Kuna mahali naomba msamaha, kwa hivyo msitoke kabla ya mwisho.

Wale mnaonifuata kutoka mwaka jana mnakumbuka ile video. Mbwa koko amelala kwa mlango wa jikoni, mimi nasema, "Huyu anaenda Ujerumani. Mimi na diploma yangu bado naomba pesa ya bando." Mlicheka. Ikasambaa mpaka watu wa Bungoma na Busia wakanijua. Sasa niwaambie kile ambacho sikuweka kwa video.

Mbwa anaitwa Bosi. Alikuwa wa kukhu, huku kwetu upande wa Shinyalu. Kukhu alipofariki mwezi wa kwanza, senje alikuja mazishi kutoka Ujerumani, ambako ni nesi. Akamkuta Bosi amelala kando ya kaburi, hataki chakula. Siku ya kurudi akatuambia anataka kumchukua. Nyumba ikawaka moto. Baba akasema hiyo pesa ni karo ya watoto wawili. Senje akajibu kwa upole tu: "Mama alikufa akiwa na Bosi peke yake ndani ya nyumba. Sisi sote tulikuwa wapi?" Hakuna aliyejibu.

Kazi ya kumtayarisha Bosi ikaniangukia mimi, kwa sababu sina kazi na nina simu.

Nilidhani ni mambo ya kununua tikiti na kumfunga kamba. Wapi! Kwanza mbwa anawekwa maikrochipu chini ya ngozi, kitu kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari 15. Ndipo anachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ukichanja kabla ya maikrochipu, chanjo hiyo haihesabiki, unarudia. Halafu unangoja siku 30, anatolewa damu, damu inapelekwa kwa maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya wapime kama kinga imefika 0.5 kwa kila mililita. Ikifika, usidhani umemaliza. Unahesabu miezi mitatu kutoka siku ile damu ilitolewa, ndipo mbwa aruhusiwe kuingia. Mwisho kabisa, daktari wa mifugo wa serikali anatia sahihi cheti cha afya, na mbwa lazima awe amefika ndani ya siku 10. Bado kuna sanduku la kusafiria: lazima asimame, ageuke na alale bila kubanwa. Nilimpima Bosi kwa tepu ya fundi cherehani, kutoka pua mpaka mkia, senje akiangalia kwa simu. Hata hiyo mlicheka.

Mimi nilikuwa nauliza swali moja: mbona masharti haya yote? Mbwa wa Uingereza au Japani hapimwi damu hivyo akienda Ujerumani. Wa Kenya anapimwa. Marekani nao, mwaka 2021, walisimamisha kuingiza mbwa kutoka nchi zaidi ya 100, yetu ikiwemo. Nikaanza kuandika posti kali sana kuhusu ubaguzi wa pasipoti, eti hata mbwa wetu wananyimwa viza. Ilikuwa tamu. Sikuwahi kuiposti, na sababu ni hii.

Mwezi wa tano, Bosi akiwa bado anangoja miezi yake mitatu, mbwa wa boma lingine alimuuma msichana wa jirani yetu. Ana miaka sita. Alikuwa anatoka kuteka maji. Nilipofika nilikuta wanataka kumpaka chumvi na majani kwa kidonda. Nikasema hapana, leteni sabuni na maji mengi. Tukaosha ule mguu dakika 15 nzima, nikihesabu kwa simu, mtoto analia, mamake analia. Mimi si daktari. Nilijua hivyo kwa sababu yule daktari wa mifugo aliyemchanja Bosi alinieleza siku tukingoja foleni. Aliniambia pia kwamba dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa mtu, karibu wote hufa. Chanjo ni kabla ya hapo, si baada.

Tukapanda nduthi. Mahali pa kwanza wakatuambia dawa imeisha. Pa pili, imeisha. Tukaipata kwa duka la dawa, na si sindano moja, ni kadhaa, kila moja na tarehe yake. Mamake alikuwa na mia mbili. Nikampigia senje, saa tatu usiku, nikamweleza.

Akaniuliza kitu kimoja: "Huyo mbwa aliyemuuma, amechanjwa?"

Hakuna aliyejua. Mbwa mwenyewe alikufa siku ya tatu, akazikwa nyuma ya choo, hakuna aliyempima.

Senje alituma pesa usiku huo huo. Ilikuwa pesa ya ndege ya Bosi. Safari ikasukumwa kutoka mwezi wa sita hadi wa nane. Aliniambia, "Bosi anaweza kungoja. Mtoto hawezi."

Sasa mnaelewa kwa nini ile posti yangu kali iko bado kwa simu. Hizo nchi zinauliza mbwa wetu swali moja tu: umechanjwa, na unaweza kuthibitisha? Hilo ndilo swali ambalo usiku ule hatukuweza kulijibu hapa kijijini, na mtoto ndiye alikuwa analilipia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Wanasema tukichanja asilimia 70 ya mbwa mahali, ugonjwa unakatika. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo 2030. Hesabu miaka iliyobaki, halafu hesabu mbwa wa kwenu waliochanjwa.

Na ndiyo, serikali ina deni hapa. Mtoto hafai kuzungushwa usiku na nduthi akitafuta dawa. Hilo nitalisema kila siku. Lakini mbwa wa kwangu sihitaji waziri anichanjie. Katika faili nzima ya Bosi, chanjo ilikuwa kati ya vitu vya bei ya chini kabisa. Kilichokula pesa ni maabara, ndege na sanduku. Ile karatasi inayomlinda mtoto wa jirani ndiyo tulikuwa tunaweza kuilipia miaka yote, na kukhu hakuwahi kuambiwa na yeyote kati yetu.

Bosi aliondoka mwezi wa nane. Senje alikuja likizo kumchukua mwenyewe. Matatu zote zilimkataa, tukakodi Probox mpaka Nairobi. Hakupewa dawa ya usingizi, kwa sababu mashirika mengi ya ndege hayakubali. Kwa sanduku tulimwekea leso ya kukhu. Baba, yule wa karo, ndiye aliikunja.

Yule msichana alimaliza sindano zake zote. Yuko sawa, anaruka kamba hapa nje nikiandika.

Kwa hivyo msamaha wangu ni kwa senje, kwa kumfanya kichekesho akiwa bado analia mamake. Na kwako, nina swali moja la kuacha kwa komenti, na usinijibu kwa utani: mbwa wenu alichanjwa lini, na karatasi iko wapi?