Injini ya IST na Anga la Bunda

Shemeji yangu wa Bunda si mtu wa kupiga simu ovyo. Akipiga, kuna msiba au kuna ada ya shule. Safari hii hakukuwa na lolote kati ya hayo. "Shemeji," aliniambia baada ya salamu ndefu, "njoo uongee na mwanao. Ameuza ng'ombe wawili akanunua injini ya gari. Gari hana. Anasema anaunda ndege."

Ng'ombe hao nawafahamu. Ni mbegu ya ng'ombe alioacha marehemu kaka yangu, na kwetu Mara hakuna haja ya kueleza zaidi. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la asubuhi kutoka Musoma, na njiani nikapanga hotuba. Hotuba za baba wadogo zinafanana: masomo kwanza, ndoto baadaye, mheshimu mama yako. Nilifika nayo hadi mlangoni mwa gereji, nyuma kidogo ya barabara kuu iendayo Mwanza, na hapo ikaniishia.

Kijana alikuwa amefunga injini juu ya fremu ya vyuma, na fremu ameichimbia chini kwa zege. Ilikuwa injini ya Toyota IST, ile ya lita moja na nusu ambayo nusu ya teksi za nchi hii zinaitegemea. Rejeta imefungwa pembeni, waya zimebanwa vizuri kwa mikanda ya plastiki, kontroboksi iko ndani ya kopo la rangi lililosafishwa. Pembeni ya ukuta kulikuwa na kiunzi cha mabomba ya chuma, chenye umbo ambalo hata mimi, mwalimu wa historia, nililitambua kuwa ni kiwiliwili cha ndege ndogo.

"Shikamoo baba mdogo. Umekuja kunikataza?"

"Marahaba. Nimekuja kuangalia kwanza."

Aliiwasha. Ilinguruma bila kukohoa. Na lazima nikiri kwamba kabla ya hofu kunijia, kilichonijia kwanza ni fahari.

Nilirudi Musoma na maswali badala ya majibu, na kwa wiki tatu nikasoma mambo ambayo hayamo katika somo langu. Nilikuwa nimedhani kwamba kuweka injini ya gari kwenye ndege ni wazimu wa vijana wasio na fedha. Nilikosea. Ndege ya akina Wright iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 ilibebwa na injini ya nguvu za farasi 12 iliyoundwa katika karakana yao ya baiskeli na fundi wao, Charlie Taylor, kwa sababu hakuna kiwanda kilichoweza kuwapatia injini nyepesi kiasi walichotaka. Nguvu ilifika kwenye rafadha, yaani propela, kwa minyororo mfano wa ile ya baiskeli. Mwaka 1929, katika kijiji cha Cherry Grove jimboni Minnesota, fundi aliyejifundisha mwenyewe aitwaye Bernard Pietenpol alirusha ndege ya mbao yenye injini ya gari la Ford Model A. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wazungu wengi walijiundia vindege kwa injini ya Volkswagen, ile ya kobe tuliyoiona utotoni. Kwa hiyo mwanangu hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa amejiunga na ukoo mrefu.

Lakini ukoo huo una makaburi yake, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Injini ya Pietenpol ilitoa nguvu zake, kama farasi 40, kwa mizunguko 2,200 tu kwa dakika. Aliweza kufunga rafadha moja kwa moja kwenye krankishafti. Injini ya IST hutoa nguvu zake zote, takriban farasi 109, ikiwa kwenye mizunguko 6,000. Chukua rafadha yenye kipenyo cha mita 1.8, uizungushe mara 6,000 kwa dakika. Ncha zake zitakwenda kwa kasi ya karibu mita 565 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe husafiri kwa takriban mita 340. Rafadha inayoipita sauti namna hiyo hupiga kelele za kutisha na huvuta kidogo sana. Ipunguze hadi mizunguko 2,500, na ncha zinashuka hadi mita 236 hivi. Kwa hiyo lazima kuwe na kifaa katikati, cha gia au cha mkanda, cha kupunguza mizunguko kwa uwiano wa kama 2.4 kwa 1.

Nilipompigia kumweleza haya alicheka kwa adabu. Alikuwa ameshayajua. Kilichonishtua ni jambo la pili, ambalo hakuwa amelipa uzito. Injini ya silinda nne haisukumi kwa ulaini kama maji ya mto. Hupiga, mara mbili katika kila mzunguko. Ndani ya gari mapigo hayo humezwa na springi za klachi, na giaboksi, na shafti, hata na matairi. Kwenye ndege kuna rafadha tu upande wa pili, nzito na ngumu. Kila mfumo wa vyuma unaojipinda una mwendo wake wa asili, kama bembea. Ukiisukuma bembea wakati wake ukifika, hata mtoto mdogo huirusha juu. Mapigo ya injini yakikutana na mwendo huo wa asili, shafti hupindwa na kuachiwa, hupindwa na kuachiwa, mpaka siku moja inakatika kama muwa. Haikatiki gereji. Inakatika angani.

Yako na mengine. Gari likitembea barabara tambarare hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake. Ndege hupaa kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa saa nyingi ikitumia robo tatu. Injini nyingi za ndege za kawaida zina mifumo miwili ya kuwasha plagi, kila mmoja ukijitegemea bila betri. Injini ya IST ina kontroboksi moja, nayo bila umeme ni kopo tu. Wala tusidhani kwamba viwanda vikubwa vimeepuka mtego huu. Kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilichukua injini za dizeli za Mercedes-Benz, ikazigeuza kuwa za ndege, ikapewa vyeti vyote. Machi 2007, huko Speyer, ndege aina ya Diamond DA42 yenye injini mbili kati ya hizo ilipaa ikiwa na betri dhaifu. Ilipokunja magurudumu umeme ulishuka kwa muda mfupi mno, na injini zote mbili zikasimama. Zote mbili! Ilikuwa na wahandisi, maabara na fedha nyuma yake. Mwanangu ana kopo la rangi.

Sasa nije kwenye lile linalonihusu zaidi kama mwalimu na raia.

Tunao vijana wa aina hii kila mahali. Mwaka 2007 huko Kano, Nigeria, mwanafunzi wa fizikia Mubarak Abdullahi aliunda helikopta kwa injini ya Honda Civic. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Kenya, mtaalamu wa kompyuta, aliunda ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota, elimu yake kubwa ikitoka kwenye intaneti. Hapa kwetu, picha za helikopta ya fundi wa Tunduma zilizunguka nchi nzima kwenye simu zetu. Kila mara mchezo ni uleule. Kwanza vicheko, kisha kamera, kisha kiongozi wa kupiga naye picha, na mwishoni ukimya. Wengine wetu tunaandika mitandaoni kwamba serikali inaua vipaji, wengine kwamba vijana hawa ni wapuuzi. Pande zote mbili zinalala usingizi mzuri.

Mimi siamini kwamba kosa ni la sheria. Sheria zetu zinataka chombo kisajiliwe na kithibitishwe usalama wake kabla hakijaruka, na nina kila sababu ya kuziunga mkono, maana chini ya anga la Bunda kuna soko, shule na nyumba ya shemeji yangu. Marekani, ambako ndege za kujiundia ni maelfu, nako si holela. Mwenye kuomba cheti lazima athibitishe kwamba sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wasio kiwanda, kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Ndege huandikwa wazi kwamba ni ya majaribio. Na kwa kawaida yenye injini isiyo na cheti cha ndege, kama hii ya gari, huruka saa 40 za majaribio katika eneo lililotengwa, bila abiria. Tofauti kati yetu na wao ni kwamba wao wamejenga ngazi kati ya gereji na anga. Sisi tuna gereji, na tuna anga.

Nilijaribu kuitafuta ngazi hiyo. Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ofisa mwungwana alinipitisha kwenye fomu zake zote: za mashine za kusaga, za kuchomelea, za bodaboda. "Hii yako, mwalimu, haina kundi," akasema. Nikamuuliza kama kuna mhandisi yeyote anayeweza kwenda kuiangalia tu. Akaniuliza, "Aende kama nani?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Novemba 1974, hapa hapa Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha azimio lililoamua, pamoja na elimu ya msingi kwa wote, kwamba vijana wa sekondari watangulie kazini kabla ya kwenda chuo kikuu. Fikra ilikuwa kwamba mkono na kitabu vikutane. Utekelezaji ulikuwa na matatizo mengi, baadaye likalegezwa na kuachwa. Sililii utaratibu ule. Ila naona aibu kwamba miaka hamsini baadaye, Butiama, kijijini alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu, kuna chuo kikuu chenye jina lake na neno teknolojia, barabarani kuna gereji yenye injini juu ya zege, na sisi wahadhiri tunapita kati yake ndani ya mabasi tukiwa tumepanga hotuba. Nami ni mmojawao. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, hii ilikuwa mara ya kwanza kuingia gereji bila gari bovu.

Nilirudi Bunda mara ya pili nikiwa na rafiki anayefundisha ufundi wa mitambo, aliyekuja kwa nauli yake na kama nafsi yake. Walizungumza saa tatu. Mimi na shemeji tulikaa chini ya mwembe tukinywa chai.

"Shemeji, umemkataza?"

"Sijamkataza."

"Basi umemruhusu afe."

Sikuwa na jibu la kumtosha, na sijui kama ninalo sasa. Baba yake angekuwapo, neno lingekuwa lake.

Makubaliano yaliyofikiwa ni haya. Kiwiliwili kile hakitaguswa kwa mwaka mzima. Injini itafungwa kifaa cha mkanda na rafadha, itazungushwa ikiwa juu ya zege kwa saa 50, uzio wa wavu ukiwa umeizunguka, na kila saa itaandikwa daftarini: joto la maji, joto la oili, mtetemo, kilicholegea, kilichokatika. Ikimaliza hizo, itahamishiwa kwenye mtumbwi mpana, isukume ziwani kwa upepo wa rafadha. Wazo la mtumbwi lilikuwa lake mwenyewe. "Baba mdogo," alisema, "ikizimika ziwani nitapiga kasia."

Jana amenitumia picha ya ukurasa wa daftari. Mwandiko wake ni mbaya kama wa baba yake. Saa ya 11, dakika ya 40: mkanda umekatika, umepasua kopo la kontroboksi, wavu umeuzuia. Hakuna aliyeumia. Chini yake ameandika bei ya mkanda mwingine, na kuniuliza kama mwisho wa mwezi umefika.