Alhamisi Baada ya Adhuhuri

Mama alipopooza upande wa kulia, nyumba yetu ilijaa watu kwa muda wa siku saba. Siku ya nane tulibaki wawili: yeye kitandani, mimi ukingoni mwa kitanda. Sasa ni mwaka wa tatu.

Kumuuguza mzazi ni ibada. Tangu chuoni tulisomeshwa kwamba Suratul Israa yakataza hata kumgunia mzazi aliyefikia uzee. Usiku mmoja nilikuwa nimekwisha kumgeuza mara tatu, kwani mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asifanye vidonda mgongoni. Mara ya nne nikakuta ameilowesha shuka niliyotoka kuitandika, nikamgunia. Ulimi wake ni mzito, hakuweza kunijibu. Alinitazama tu, kisha akauelekeza uso ukutani. Nilitoka uani nikalia hadi adhana ya Alfajiri.

Kaka zangu huleta fedha kila mwezi, Mwenyezi Mungu awazidishie. Zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, wanazopewa wazee waliotimiza miaka 70, huishia kwenye nepi. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa. Nilikosa usingizi, na nilikosa mtu wa kuniuliza kama nimekula. Wala sikuthubutu kuomba msaada, nikichelea kwamba nikisema nimechoka, watu watasema nimemchoka mama.

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alikuja kumjulia hali mgonjwa akanikuta natia chumvi katika chai. Hakunihutubia. Alisema, “Mwanangu, Alhamisi baada ya Adhuhuri nitakaa mimi na mamako. Wewe kalale.” Nilimwonyesha jinsi ya kumketisha wima wakati wa kumlisha, na kwa nini uji wake huwa mzito: maji matupu humpalia. Alhamisi ya kwanza sikulala. Nilijilaza chumba cha pili nikitega sikio. Ya pili nilitembea hadi baharini. Ya tatu nililala, nikaamshwa kwa Swala ya Alasiri.

Ndipo nilipopata moyo wa kuwapigia simu kaka zangu na kuwaeleza kwamba nahitaji mikono. Mmoja wao sasa hulala hapa kila usiku wa kuamkia Jumamosi. Kumsafisha mama twabaki nako mimi na wifi yangu, kwa ajili ya sitara. Lakini kumgeuza, kumlisha na kukesha si kazi ya wanawake peke yao, ingawa sisi wenyewe ndio tuliowazoesha hivyo. Usiku wake wa kwanza alitoka chumbani jasho likimtiririka, akaniuliza, “Ndivyo hivi kila siku?” Nilimjibu ndivyo. Alinyamaza, akarudi ndani.

Asubuhi yake, nikiwa nimelala usiku kucha, niliketi na bakuli la uji nikamwomba mama radhi kwa ule usiku. Alinishika kidole kwa mkono wake wa kushoto, ulio mzima, wala hakukiachia mpaka uji ukapoa.