Furushi la bibi katika safari ya kuhamia Dodoma

Siku tatu kabla ya kuhama, sebule ya nyumba moja ya kupanga Tabata, Dar es Salaam, haikuwa na mahali pa kukanyaga. Maboksi ya sabuni na tambi yaliyoombwa dukani yalipangwa hadi dirishani, magodoro mawili yalisimamishwa ukutani, na mtoto wa mwisho, mwenye miaka minne, alikuwa amejificha ndani ya boksi la televisheni akisema naye apakiwe asije akasahaulika.

Baba wa nyumba hiyo ni mtumishi wa umma. Miaka miwili nyuma alihamishiwa Dodoma, akatangulia peke yake na kupanga chumba. Tangu hapo alikuwa akirudi Dar es Salaam kila baada ya wiki mbili, anafika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili. Mtoto wa mwisho akazoea kumwita "baba wa Ijumaa". Mwanzoni watu walicheka. Siku moja mama hakucheka tena, akasema sasa basi, tunahama wote.

Familia za namna hii ni nyingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi ofisi nyingi zilibaki Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote inahamia huko, watumishi walianza kuondoka kwa makundi. Wengi walitangulia wenyewe, wakaacha wenza, wazazi na watoto nyuma, kwa matumaini ya kuwachukua mambo yakitulia. Mambo huchelewa kutulia, na watoto hawaachi kukua.

Mwezi wa kupunguza

Mama alianza maandalizi mwezi mmoja kabla. Alitenga vitu mafungu matatu: vya kubeba, vya kuuza na vya kugawa. Kabla ya kukata shauri juu ya kila kitu alimuuliza mumewe kwa simu maisha ya kule yakoje, kwa sababu mji wa pwani na mji wa bara havitaki vitu vilevile.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili hivi, na miezi iliyobaki ni ukavu na vumbi. Juni na Julai usiku ni wa baridi, joto hushuka hata kufikia nyuzi 13 hivi, kisha upepo huendelea kuvuma. Kwa hiyo feni mbili kati ya tatu zikaenda kwa majirani. Madumu ya lita 20, ambayo mama alitaka kuyatupa, mumewe akamkataza hata moja lisiachwe, kwa kuwa maji ya bomba huko huweza kuja kwa mgawo.

Mzozo ulikuwa kwenye mablanketi ya zamani. Mama aliona yamechakaa, Dar es Salaam hayajatumika miaka, na Dodoma kuna maduka. Bibi, mama mzazi wa baba, akayaokota kimya kimya kutoka kwenye fungu la kugawa.

"Usiache mbachao kwa msala upitao, mwanangu," alisema.

Mama hakubishana na mkwewe, naye alikuwa na lake asiloliacha. Kwa miaka sita alikuwa na meza ya vitumbua nje ya geti, na wateja wake wa asubuhi aliwajua kwa majina na kwa madeni. Baba alishauri kikaango cha vitumbua kiuzwe, kingine kitanunuliwa kule. Mama alikifunga kwa khanga mbili, akakitia mwenyewe ndani ya boksi.

Makaratasi hayapandi lori

Familia hii ilichagua mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Mtoto mkubwa, kijana wa miaka 12, yuko darasa la sita. Mama alikwenda kwa mwalimu mkuu wiki mbili kabla ya likizo, baada ya baba kuhakikisha kwamba shule ya kule ina nafasi na iko tayari kumpokea. Uhamisho ukaandaliwa mapema pamoja na namba yake ya usajili. Kwa mtoto wa darasa la nne au la saba jambo hili ni zito zaidi, maana hiyo ni miaka ya mitihani ya Taifa na majina husajiliwa mapema. Mzazi wa mtoto wa madarasa hayo aulize shuleni kabla hajaagiza gari.

Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya Taifa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi za bima, mkataba wa nyumba na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa viliwekwa katika faili moja la plastiki. Faili hilo liliingia kwenye mkoba wa mama, pamoja na dawa za presha za bibi za wiki mbili. Bili ya maji ililipwa mwenye nyumba akiwepo, mita ikasomwa mbele yake. Umeme ukanunuliwa kidogo kidogo wiki ya mwisho, kwa kuwa uniti za LUKU hubaki kwenye mita, hazimfuati mpangaji.

Jioni ya kupakia

Fuso lilifika Ijumaa jioni. Mama alikuwa ameandika namba kwa kalamu nene kwenye kila boksi, na kwenye daftari ameorodhesha namba, chumba na kilichomo. Yalikuwa maboksi 31. Vitabu viliwekwa kwenye maboksi madogo ili yabebeke. Sahani zilifungwa kwa magazeti na khanga, zikasimamishwa kwa ubavu badala ya kulazwa. Vitanda vilifunguliwa, na boliti za kila kitanda zikatiwa kwenye soksi iliyofungwa kwenye mbao zake. Friji lilikuwa limezimwa na kukaushwa tangu jana yake, likapakiwa likiwa limesimama. Mtungi wa gesi ulifungwa, ukatolewa kichwa, nao ukasimamishwa mahali penye hewa.

Kosa lilikuwa moja, na hakuna aliyeliona. Masweta na mablanketi yalikuwa kwenye boksi namba 4 na namba 5. Vijana wa kupakia waliyatanguliza mbele kabisa, yakaegemea bodi nyuma ya kichwa cha gari, ili yalikinge kabati la vyombo lisigonge. Juu yake na nyuma yake ikaja nyumba nzima. Kwa joto la Tabata jioni ile, nani angekumbuka sweta?

Bibi alikuwa ameketi kibarazani na furushi lake, limefungwa kwa shuka ncha nne. Kijana akataka kulipeleka kwenye gari.

"Hili nakwenda nalo mwenyewe," alisema bibi.

"Lakini bibi, gari lina nafasi."

"Gari ni gari. Hili ni la mkononi."

Kijana akacheka, mama akacheka, na furushi likabaki mapajani.

Njia mbili

Jumamosi saa 11 alfajiri Fuso liliondoka na baba na kijana wake wakiwa mbele na dereva. Mbele yao kulikuwa na takribani kilomita 450 za barabara: Kibaha, Chalinze, kisha Morogoro na milima ya Uluguru upande wa kushoto. Mama, bibi na mtoto wa mwisho walibaki kufagia nyumba na kukabidhi funguo, halafu wakaenda kupanda treni ya mchana ya SGR, reli iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Hesabu ilikuwa kwamba lori likifika saa 10 jioni, watakaokuja kwa treni watakuta vitanda vimeshafungwa.

Treni ilipita Pugu na Soga, ikaacha minazi nyuma, ikafika Morogoro mtoto akiwa amelala. Baada ya hapo yakaja mashamba ya Kilosa, na bibi akasogea dirishani. Ni wilaya aliyozaliwa.

Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, bibi alikuwa msichana wa miaka 17. Lori lilikuja kijijini kwao asubuhi. Kila kaya ilipakia ilichoweza, na wakashushwa mahali penye viwanja vilivyopimwa kwa vigingi, nyumba hakuna. Baba yake alikuwa amehangaika na milango, mbao na kuku. Mama yake alikuwa na furushi moja kichwani. Ndani yake mlikuwa na nguo ya kujifunika, chungu, unga, chumvi na moto uliofunikwa kwenye kigae.

"Milango ile iliegemezwa kwenye mti wiki tatu," bibi alimwambia mkwewe. "Lakini usiku ule tulikula."

Treni ikaingia handakini, dirisha likawa jeusi, na mazungumzo yakaishia hapo.

Usiku wa kwanza

Jua lilikuwa linazama walipofika Dodoma. Upepo mkavu uliwapokea nje ya kituo, na mtoto akiwa na kaptula akauliza nani amewasha feni. Walichukua bajaji hadi Kisasa, wakafungua nyumba. Ilikuwa tupu, sakafu ya vigae baridi kama barafu, na mpangaji aliyetangulia alikuwa amehama na balbu zake zote.

Saa 12:40 jioni simu ya baba ikaingia. Tairi la nyuma limepasuka kati ya Dumila na Gairo, la akiba halifai, dereva amekwenda kutafuta jingine. Wasiwasubiri kabla ya saa sita usiku.

Mama alitazama ukuta mmoja, akatazama mwingine. Daftari la namba lilikuwa mkobani mwake. Lilimwambia vizuri kabisa kwamba blanketi liko kwenye boksi namba 5.

Bibi akakaa chini, akafungua furushi. Lilitoka blanketi moja kati ya yale yaliyokataliwa, mashuka mawili, vitenge vitatu, sufuria ndogo, kikombe, unga wa ulezi, sukari, kipande cha sabuni, mshumaa na kiberiti. Hakusema neno. Aliwasha mshumaa, akadondosha nta kidogo sakafuni, akausimamisha.

Kilichokosekana ni maji na moto, maana bomba siku hiyo lilikuwa kavu. Mwanga wa mshumaa ndio ulioita jirani. Mama mmoja mwenyeji, Mgogo, alibisha hodi.

"Mbukwenyi! Karibuni. Poleni na safari."

Akampa bibi shikamoo, akaona sufuria iko tupu, akarudi kwake. Dakika chache baadaye alileta jiko la mkaa lenye moto na dumu la maji, na mwanawe nyuma yake kabeba mkeka. Uji ukapikwa, jiko likabaki nje ya mlango ili moshi usiwadhuru. Watatu wakalala chini ya blanketi moja, mtoto katikati.

"Baba anakuja leo?" mtoto aliuliza.

"Anakuja."

"Kwani leo Ijumaa?"

Wakati huohuo, kando ya barabara, baba na kijana walikuwa wamekaa juu ya jiwe wakila viazi vitamu vya kuchemsha. Kijana alisema kinachomuuma ni timu ya mtaani aliyoiacha Tabata. Baba aliuliza alikuwa akicheza nafasi gani. Namba tatu, alijibu kijana, tangu mwaka juzi. Miaka miwili ya Ijumaa, na baba ndiyo kwanza anasikia. Tairi lilipoletwa saa nne usiku, walikuwa bado wanazungumza.

Lori lilifika saa saba na nusu usiku. Hakuna aliyepakua zaidi ya magodoro.

Cha mkononi

Mengi waliyoyafanya wazazi hawa yalikuwa sahihi. Sahani zote zilifika nzima, boliti hazikupotea, makaratasi yalikuwa salama. Kilichowaponza ni kudhani kwamba nyumba itaanza siku lori litakapofika, wakati nyumba huanza saa ile mlango unapofunguliwa, hata kama kilichomo ndani ni watu watatu tu.

Kwa hiyo anayehama na watoto afunge furushi moja la usiku wa kwanza, alibebe yeye, na lisiingie kwenye gari la mizigo hata kama nafasi ipo. Liwe na cha kujifunika kwa kila mtu, nguo nzito ya mtoto, chakula kisichohitaji vyombo vingi, chupa ya maji, sabuni, dawa, taa na balbu moja au mbili. Aulize hali ya hewa ya aendako, asiamini ya atokako. Na akifika, jirani ajulishwe usiku uleule kwamba kuna wageni.

Jumapili ilikwenda kwa kupakua. Boksi la kikaango lilifunguliwa kabla ya la televisheni, na jioni jirani akarudishiwa jiko lake pamoja na sahani ya vitumbua.

Jumatatu asubuhi baba alivaa viatu kwenda kazini. Mtoto wa mwisho akamng'ang'ania mguu, akalia kama alivyokuwa akilia Jumapili zote za Tabata. Alibembelezwa na bibi, akanyamaza, lakini hakuamini.

Saa 11 jioni geti liligongwa. Mtoto alichungulia, akamwona baba na mkoba wake uleule, akakimbia jikoni kumwambia mama kwamba baba amerudi na leo siyo Ijumaa.