Mgeni wa Mwenyezi Mungu: Ukarimu wa Waturuki katika Vijiji vya Anatolia

Watu wengi waendao Uturuki siku hizi huijua nchi hiyo kwa upande mmoja tu. Huiona Istanbul na misikiti yake mikubwa, fukwe za Antalya, na maputo ya Cappadocia yapaayo alfajiri. Kisha hurudi makwao. Mwaka 2024 peke yake wageni zaidi ya milioni 50 waliingia nchini humo, na wengi wao hawakutoka nje ya njia hizo. Huko msafiri husikia kila hatua neno buyurun, yaani "karibu, tafadhali", na mara nyingi hupewa na chai; lakini nyuma ya chai hiyo pana zulia lingojalo mnunuzi. Hatuilaumu biashara, kwani ni halali, na mwuzaji mwenye uso mkunjufu ni bora kuliko mwenye kununa. Ila yapasa ijulikane kwamba hiyo siyo ile karibu ambayo Waturuki wamesifika kwayo tangu kale. Ile ya asili iko mbele zaidi, katika nyanda za juu za Anatolia, mahali ambapo hapana kitu cha kuuzwa.

Wapenzi wasomaji, ukarimu huu si jambo la jana. Sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuna shahidi juu yake tumjuaye vema, naye ni msafiri mashuhuri wa Tanja, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na huko Kilwa akamsifu Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Hata akasimulia jinsi sultani huyo alivyompa fakiri mmoja nguo alizokuwa amezivaa mwilini. Katika miaka hiyo ya 1330 msafiri huyo huyo alishuka bandari ya Alanya, akaingia Anatolia. Alipokuwa akipita sokoni Denizli, watu walitoka madukani wakazishika hatamu za farasi wao. Wengine wakaja kuwazuia, wakavutana, hata baadhi yao wakachomoa visu. Wageni hawakujua Kituruki, wakadhani wameangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kumbe, kama alivyowafasiria mtu mmoja ajuaye Kiarabu, ulikuwa ni ugomvi wa vyama viwili vya vijana, kila kimoja kikitaka wageni walale kwake! Ikabidi ipigwe kura ndipo watu watulie.

Vijana hao walikuwa wa udugu wa Akhi. Hawakuwa matajiri, walikuwa mafundi na watu wa kazi za mikono. Mchana walifanya kazi, na baada ya alasiri walileta chumo lao kwa mkubwa wao, likanunuliwa chakula. Akiwapo msafiri mjini, alikuwa mgeni wao. Asipokuwapo, walikula wenyewe kwa wenyewe. Katika mji wa Kırşehir lingaliko kaburi la Ahi Evran, mtu wa karne ya 13, ahesabiwaye kuwa mkubwa wa watengeneza ngozi na wa udugu huo.

Na kabla ya hapo, masultani wa Kiseljuki walikwisha kujenga nyumba za misafara katika njia kuu, umbali wa mwendo wa siku moja baina ya nyumba na nyumba. Tulipotoka Konya kwenda Aksaray tuliizuru mojawapo, Sultan Han, iliyojengwa mwaka 1229 na Sultani Alaeddin Keykubad. Mlango wake wa mawe yaliyochongwa ni mrefu kama wa msikiti, na kati ya ua pana kimsikiti kidogo kilichoinuliwa juu ya matao manne. Mashariki ya Kayseri iko nyingine, Karatay Han, ambayo hati yake ya wakfu iliagiza kwamba kila ashukaye hapo apewe mkate na nyama, na usiku wa Ijumaa apewe halua ya asali. Mwislamu na asiye Mwislamu, mungwana na mtumwa, wote sawasawa. Leo nyumba hizo hazilazi tena msafiri, watu huenda kuzitazama tu. Lakini tabia iliyozijenga haikufa pamoja nazo. Ilihamia majumbani mwa watu.

Hayo tuliyashuhudia katika kijiji kimoja cha mkoa wa Sivas. Tulikuwa wawili, na gari dogo la abiria lilituteremsha hapo karibu na magharibi, nalo halikuwa na safari nyingine hata kesho yake. Hapakuwa na hoteli wala mkahawa. Tuliingia msikitini tukasali pamoja na watu wapatao kumi, wengi wao wazee. Wao ni wa madhehebu ya Hanafi na sisi ni Mashafii. Tuliitikia Amin kwa sauti, nao waliitikia kimoyomoyo, wakatugeukia baada ya salamu wakitabasamu. Mzee mmoja akatuuliza tutokako. Imamu, aliyesoma Kiarabu katika shule yake, akawa mkalimani wetu. Mzee hakuuliza tumekuja kufanya nini, wala tutakaa siku ngapi. Alitwaa mfuko wetu mmoja akaubeba, akatangulia.

Katika njia hiyo fupi tulijifunza neno ambalo hatujalisahau. Waturuki humwita mgeni misafir. Ni neno lile lile la Kiarabu ambalo sisi twatamka msafiri. Kwetu limebaki na maana ya mtu aliye njiani. Kwao limekuwa ndilo jina la mtu aliye nyumbani mwako. Na yule ajaye bila kuitwa wala kutazamiwa, ambaye hapana ajuaye nasaba yake, humwita Tanrı misafiri, yaani mgeni wa Mwenyezi Mungu. Huyo hakuja kwako kwa hiari yako, ameletwa. Na mtu hamrudishi aliyemleta.

Tulivua viatu mlangoni. Mkewe yule mzee alitupokea kwa maneno hoş geldiniz, mmekuja kwa wema, nasi tukajibu kama tulivyofundishwa, hoş bulduk, tumekuta wema. Tukaketishwa mahali pa juu, mbali na mlango, karibu na jiko la kuni, mahali pa heshima. Kijana wa jirani akatumiminia mikononi marashi makali yenye harufu ya limau, kisha ikaletwa chai katika gilasi ndogo zilizobanwa kiuno. Huko, anayenywa chai akinyamaza hujaziwa tena na tena. Atakaye kukoma huweka kijiko chake kwa kukingamisha juu ya gilasi.

Chakula kilitandikiwa chini. Walikiweka juu ya sinia kubwa la shaba, nao huliita sini, tukaketi kulizunguka kama tufanyavyo kwetu. Palikuwa na supu, ngano iliyopondwa ikapikwa kama wali, mtindi, jibini nyeupe, matango, na mikate myembamba kama karatasi. Hapakuwa na nyama, na bibi mwenye nyumba aliomba radhi kwa hilo mara mbili. Imamu akamtuliza kwa mithali ya kwao isemayo kwamba mgeni huja na riziki kumi, akala moja akaacha tisa. Tukamwambia kwamba nasi pwani twasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Alipoifasiri, yule mzee alicheka, akasema kwamba mithali hizo hapana shaka zina mama mmoja.

Baada ya isha yalianza mazungumzo, na hapo tukaelewa jambo lililojificha nyuma ya furaha ya nyumba ile. Kijijini hapo palikuwa na chumba cha wageni, kilichojengwa na watu wote kwa shirika, ambamo zamani msafiri alilala na kila nyumba ilileta sinia lake kwa zamu. Sasa chumba hicho kina kufuli. Tangu mapatano ya mwaka 1961 baina ya Uturuki na Ujerumani ya Magharibi, watu wa Anatolia walianza kwenda kufanya kazi viwandani huko. Wengine wakahamia Ankara na Istanbul. Watoto watatu wa mzee wetu wote wako mbali. Nyumba nyingi hufunguliwa wakati wa kiangazi tu. "Chakula kipo," alisema, "na magodoro yapo kabatini. Ila wa kuyalalia hapana." Basi tukafahamu kwamba upungufu wa nyumba ile haukuwa wa nyama, bali wa watu, na kwamba mgeni hapokei tu, naye pia huleta kitu ambacho hakununua.

Asubuhi tulijaribu kuacha fedha kidogo. Mzee hakukasirika, ila uso wake ulibadilika, akaurudisha mkono wetu taratibu akaufumba. Tulipoanza kuondoka, bibi alitoka na jagi akamwaga maji njiani nyuma yetu. Ni desturi yao: humwombea msafiri aende kama maji na arudi kama maji, bila kizuizi.

Kutoka hapo tulishuka kusini mpaka Adıyaman. Wasomaji wanakumbuka kwamba tarehe 6 Februari 2023, saa kumi na dakika 17 za alfajiri, nchi ilitetemeka sehemu hizo, na siku ile ile ikatetemeka mara ya pili. Uturuki peke yake walikufa watu zaidi ya 53,000, na Adıyaman ulikuwa miongoni mwa miji iliyoumia kupita kiasi. Mwaka 2024, tulipofika, mitaa mizima ilikuwa viwanja vitupu, na maelfu ya watu walikuwa wakiishi katika makontena yaliyopangwa safu safu. Wengi katika mkoa huo ni Wakurdi, tena Mashafii kama sisi. Tulisali nao asubuhi tukasikia kunuti ikisomwa, tukawa kama tuko kwetu.

Mama mmoja mzee alituona tukipita, akatuita. Kontena lake lilikuwa chumba kimoja, na ndani yake walilala watu wanne. Alianza kupanga mezani kila alichokuwa nacho: zeituni, mayai, nyanya, na kopo la asali ambalo halijafunguliwa. Mwenzetu alitunong'oneza kwamba haifai kula chakula cha watu waliopotewa na nyumba na jamaa. Afadhali tutoe udhuru tuondoke. Mjukuu wake, kijana aliyejua Kiingereza kidogo, alitambua tunavyosita. Akatuambia kwa sauti ya chini: "Tafadhali msimkatalie. Tangu siku ile sisi ndio tunaopewa. Tumepewa hema, tumepewa blanketi, hata sahani hizi tumepewa. Leo bibi yangu ni mwenye nyumba."

Tukaketi, tukala. Kopo la asali likafunguliwa. Mama yule hakula ila kidogo. Alikuwa akitutazama na kutusogezea sahani, na kila tuliposema elinize sağlık, afya iwe mikononi mwako, alijibu kwa dua ndefu ambayo hatukuijua yote. Hatukuona katika safari nzima karamu kubwa kuliko ile.

Hapa ndipo lilipo somo ambalo tungependa hasa vijana wetu walizingatie. Mara nyingi twahesabu ukarimu kuwa ni kazi ya mwenye mali, na kwamba asiye nacho ameondolewa jukumu hilo. Lakini Mtume wetu (S.A.W.) alipoamrisha kumkirimu mgeni, aliifunganisha amri hiyo na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho, hakuifunganisha na ukubwa wa nyumba. Na Nabii Ibrahimu (A.S.), ambaye Waturuki humtaja kila waonapo sinia lenye baraka, aliwaletea chakula wageni asiowajua kabla ya kuwauliza shida yao. Kutoa ni heshima ya mtu. Amnyimaye maskini nafasi ya kutoa, hata kwa kumhurumia, amemwondolea sehemu ya utu wake.

Wala mgeni naye hakuachwa bila mipaka. Dini imeweka ugeni kuwa siku tatu, na yanayozidi hapo ni sadaka, tena imekataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji dhiki. Wazee wetu waliosema siku ya tatu mgeni apewe jembe hawakuwa mbali na mpaka huo. Basi aendaye vijijini Uturuki na ajifunze maneno machache ya lugha yao; avue viatu; ale akipendacho na aonje asichokizoea; asitoe fedha mezani, bali achukue zawadi ndogo, tende au kahawa, awape watoto wa nyumba; na asiwapige watu picha kama vitu vya ajabu. Na akumbuke kwamba si kila nyumba duniani itamfungulia, na Waturuki nao ni watu kama watu wengine; hana haki ya kudai lile apewalo kwa ihsani.

Nasi tulioko kwetu tujiulize. Mabaraza yetu ya mawe, yaliyojengwa mbele ya nyumba ili mpitaji apumzike, mengi yamezibwa kwa kuta na mageti. Sababu zipo, nasi hatuzikanushi: wezi wamekuwa wengi na maisha yamekuwa ghali. Lakini geti hufunguka kwa ufunguo. Mgeni wa msikitini ambaye hapana amjuaye, mwanafunzi aliyetoka bara, jirani mpya asiye na jamaa: hao wote ni wageni wa Mwenyezi Mungu, nao hawangoji nyama. Kikombe cha kahawa chawatosha, na Waturuki husema kikombe kimoja hukumbukwa miaka arubaini.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika tetemeko lile, awajenge upya waliobaki, na atujaalie sisi kuwa watu ambao mgeni akitoka nyumbani mwetu hutuombea dua. Amin.