Jukwaa Katika Baraza la Mji

Madaraka yakihamishwa kutoka mji mkuu, aghalabu hufikia kwanza kwenye meza za wakubwa. Novemba 2014 Serikali ya Uingereza ilikubali kuyakabidhi mabaraza 10 ya eneo la Manchester sehemu ya mamlaka yaliyokuwa London, na Mei 2017 wakazi wakamchagua Meya wao wa kwanza, Andy Burnham. Wachumi walikuwa na hesabu zao. Lakini hesabu haisemi mtu asiye na nyumba hujibiwa nini dirishani anapoomba mahali pa kulala.

Basi, ulipotayarishwa mpango wa mwaka 2021 wa kuzuia watu wasikose makazi, waliitwa waliowahi kulala nje, wakaigiza taratibu zilizowakwamisha. Katika michezo ya namna hii, mtazamaji huruhusiwa kuusimamisha mchezo na kujaribu yeye njia nyingine. Kisha mapendekezo hupigiwa kura. Wako watakaouita mzaha. Hata hivyo, karani anayejiona akiigizwa na mtu aliyemrudisha mlangoni hupata somo lisilo katika waraka wowote.

Ufundi huo ulitoka Brazil. Augusto Boal, bingwa wa tamthilia, alikuwa diwani wa Rio de Janeiro kuanzia 1993 hadi 1996, naye akaitumia michezo ya wananchi wa kawaida kutungia sheria. Zilipitishwa 13. Mojawapo ilizitaka hospitali za mji ziwe na madaktari wa maradhi ya wazee.